Kielezi Kabla ya Kiima cha Kiwakilishi katika Sentensi ya Kiingereza: Uchunguzi wa Mpangilio na Taarifa

IKISIRI

Makala haya yanachunguza matumizi ya vielezi vinavyotangulia viima vya viwakilishi vya nafsi katika sentensi za Kiingereza. Kanuni inayofundishwa mara nyingi, kwamba kielezi cha aina fulani kikianza sentensi basi kitenzi hutangulia kiima, ni kweli nusu tu, na nusu inayokosekana ndiyo inayohusu viwakilishi. Kwa kutumia mifano ya Kiingereza na kuilinganisha na ya Kiswahili, tunaonyesha kuwa jambo linaloamua mpangilio si kielezi peke yake, bali ni kielezi pamoja na uzito wa taarifa unaobebwa na kiima. Kiwakilishi kisichotiwa mkazo hakikubali kuachwa mwishoni baada ya kitenzi kikuu. Mwisho, tunapendekeza utaratibu ambao mwalimu mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kuutumia kulieleza suala hili kwa wanafunzi wake.

1.0 UTANGULIZI

Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa makala haya alionyeshwa daftari la mwanafunzi wa shule moja ya sekondari. Mwanafunzi huyo alikuwa ameandika insha ya Kiingereza kuhusu mapokezi ya wageni, na katika insha hiyo zilikuwamo sentensi mbili zifuatazo:

(1) a. Here comes the bus.
       'Basi hilo linakuja.'
    b. Here they come.
       'Hao wanakuja.'

Mwalimu aliipa sentensi (1a) alama ya vema. Sentensi (1b) aliikata kwa wino mwekundu, na juu yake akaandika *Here come they. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa nia njema kabisa kwamba kitabu anachokitumia kinasema kuwa kielezi cha mahali kikianza sentensi, kitenzi hutangulia kiima. Mwanafunzi alikuwa sahihi. Mwalimu naye alikuwa mwaminifu kwa kanuni aliyofundishwa. Kosa lilikuwa la kanuni yenyewe.

Tukio hili si dogo kama linavyoweza kuonekana. Katika Tanzania na Kenya mwanafunzi wa sekondari husoma na kutahiniwa masomo yake mengi kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayesahihishwa kosa ambalo hakulifanya huanza kulitilia shaka sikio lake, na lugha hugeuka kwake kuwa mkusanyiko wa amri zisizo na sababu. Aidha, wafasiri wanaotoka katika vyuo vyetu hukutana na miundo hii kila siku, na asiyeelewa kwa nini mwandishi wa Kiingereza amesema Away he ran badala ya He ran away hawezi kuifasiri tofauti hiyo.

Swali linaloongoza makala haya basi ni hili: kielezi kinapowekwa kabla ya kiima ambacho ni kiwakilishi cha nafsi, ni lini mpangilio wa kiima na kitenzi hubadilika, ni lini haubadiliki, na kwa nini?

2.0 ISTILAHI NA MIPAKA YA UCHUNGUZI

Kwa kielezi tunakusudia neno au kirai kinachotoa habari ya ziada kuhusu wakati, mahali, namna, kiasi au mtazamo wa msemaji. Viwakilishi vinavyotuhusu ni vile vya nafsi vinavyoweza kuwa kiima, yaani I, you, he, she, it, we na they.

Msomaji azingatie tangu mwanzo tofauti moja ya msingi baina ya lugha hizi mbili. Katika Kiingereza kiwakilishi cha nafsi ni neno linalosimama peke yake, na haliwezi kuachwa katika sentensi ya kawaida. Katika Kiswahili kazi hiyo hufanywa na kiambishi awali cha nafsi ndani ya kitenzi: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Viwakilishi huru kama mimi, wewe na yeye hutumika pale tu panapohitajika mkazo, ulinganishi au ubainishaji. Tutaona baadaye kuwa tofauti hii, ambayo kwa kawaida huonekana kuwa kikwazo, inaweza kuwa msaada mkubwa kwa mwanafunzi wetu.

Quirk na wenzake (1985) wanatofautisha aina mbili za ugeuzaji wa mpangilio. Katika aina ya kwanza kitenzi kikuu chenyewe hutangulia kiima. Huu tutauita mpinduo mkuu. Katika aina ya pili kinachotangulia kiima ni kitenzi kisaidizi tu, na kitenzi kikuu hubaki nyuma ya kiima. Huu tutauita mpinduo mdogo. Vitabu vingi vya shule havizitenganishi aina hizi mbili, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Sentensi isiyokubalika tutaitia kinyota mwanzoni.

3.0 VIELEZI VISIVYOGEUZA MPANGILIO

Kundi kubwa zaidi la vielezi vya Kiingereza linaweza kuanza sentensi bila kuugusa mpangilio wa kiima na kitenzi:

(2) a. Yesterday he arrived.
       'Jana aliwasili.'
    b. Slowly they climbed the hill.
       'Polepole walikipanda kilima.'
    c. Fortunately, she knew the way.
       'Kwa bahati nzuri, aliijua njia.'

Hapa kiima kiwe kiwakilishi au nomino, hali ni ile ile: Yesterday the teacher arrived. Mzungumzaji wa Kiswahili hapati taabu na kundi hili, kwa kuwa katika lugha yake pia jana, polepole na kwa bahati nzuri hukaa mwanzoni bila kudai lolote.

Yafaa hata hivyo kutaja kwamba kukaa mwanzoni kunaweza kubadili maana ya kielezi:

(3) a. He spoke naturally.
       'Alizungumza kwa namna yake ya kawaida.'
    b. Naturally, he spoke.
       'Bila shaka alizungumza.'

Katika (3a) kielezi kinaeleza namna ya kuzungumza. Katika (3b) kinaeleza mtazamo wa msemaji kuhusu tukio zima. Ndiyo maana tunaweza kusema Frankly, he lied, 'Kusema kweli, alidanganya', bila kujipinga: ukweli ni wa msemaji, uongo ni wa huyo anayesemwa. Katika maandishi alama ya mkato, na katika mazungumzo kituo na kiimbo, huonyesha kwamba kielezi hakikifungamani na kitenzi peke yake.

Kuna pia vielezi vichache vinavyotangulia kiwakilishi kwa sababu vinakielemea kiwakilishi chenyewe:

(4) a. Even he came.
       'Hata yeye alikuja.'
    b. Only she knows.
       'Ni yeye tu anayejua.'

Mpangilio haubadiliki, lakini tafsiri zake zina jambo la kuzingatiwa. Katika zote mbili Kiswahili kimelazimika kutumia kiwakilishi huru yeye. Hatuwezi kusema *Hata alikuja kwa maana hiyo, kwa sababu kiambishi a- hakiwezi kubeba mkazo. Jambo hili tulihifadhi. Tutalihitaji katika sehemu ya 6.0.

4.0 VIELEZI VYA MAHALI NA MWELEKEO

Hili ndilo kundi lililomponza mwalimu wetu. Vielezi vyake ni kama here, there, away, off, up, down, in na out, na vitenzi vinavyoandamana navyo ni vile visivyochukua yambwa, hasa vya mwendo au vya kuwapo mahali: come, go, run, fly, stand, be. Tuangalie mifano:

(5) a. Away ran the boy.
       'Huyoo, kijana akatimua mbio.'
    b. Away he ran.
       'Huyoo, akatimua mbio.'
    c. *Away ran he.

(6) a. Here is the key.
       'Ufunguo huu hapa.'
    b. Here it is.
       'Huu hapa.'
    c. *Here is it.

Kiima kikiwa nomino, kielezi huandamana na mpinduo mkuu, kama katika (5a) na (6a). Kiima kikiwa kiwakilishi, kielezi hubaki mwanzoni lakini kiima hurudi mahali pake pa kawaida, kabla ya kitenzi. Tena, kundi hili halikubali msaada wa kitenzi kisaidizi do: *Away did he run si Kiingereza.

Kwa nini kiwakilishi kitendewe tofauti na nomino? Jibu halimo katika kielezi, kwa sababu kielezi ni kile kile. Limo katika kazi ya mpinduo mkuu. Katika Kiingereza mwisho wa kishazi ni mahali pa heshima: hapo ndipo kwa kawaida mkazo mkuu unapoangukia, na hapo ndipo taarifa mpya inapowekwa. Halliday (1985) anaonyesha kuwa msemaji huanza na kile anachokifanya kuwa msingi wa usemi wake, na kwa kawaida huelekea kwenye kile anachotaka msikilizaji akipokee kuwa kipya. Mpinduo mkuu unamwezesha msemaji kukianza kishazi kwa mahali au mwelekeo, ambao msikilizaji anaweza kuutambua papo hapo, na kukiacha kiima mwishoni kipokewe kama habari.

Tuwafikirie watu wawili waliosimama kituoni. Wamekuwa wakizungumza mambo ya nyumbani, na ghafla mmoja wao anaona basi. Atasema Here comes the bus, na mkazo utaangukia bus. Lakini iwapo walikuwa tayari wakililalamikia basi hilo kwa kuchelewa, atasema Here it comes, na mkazo utaangukia comes. Katika hali ya pili basi si habari tena. Habari ni kuja kwake. Kiwakilishi it kimetumika kwa sababu hiyo hiyo, kwamba kinachorejelewa kinajulikana. Kukiweka kiwakilishi hicho mwishoni ni kumwalika mgeni rasmi ukumbini kisha kumleta mtu wa nyumbani.

Ufafanuzi huu unatusaidia pia kutenganisha maneno mawili yanayofanana kwa umbo:

(7) a. There is a man at the door.
       'Kuna mtu mlangoni.'
    b. There he is, at the door.
       'Yule pale mlangoni.'

Neno there la (7a) halitiwi mkazo, wala halionyeshi mahali. Linatangaza tu kuwapo kwa kitu ambacho msikilizaji hakijui bado. Kwa hiyo halipatani na kiwakilishi he, ambacho kazi yake ni kurejelea anayejulikana. Neno there la (7b) ni kielezi kamili cha mahali. Kiswahili kimezitenga kazi hizi mbili kwa maumbo tofauti, kuna na yule pale, na mwalimu anayewakumbusha wanafunzi tofauti hiyo atakuwa amefanya nusu ya kazi. Papo hapo awatahadharishe kuhusu semi zilizoganda, kama Here you are asemayo mtu anapomkabidhi mwenzake kitu. Tafsiri yake ni 'Haya, chukua', wala si 'Hapa uko'.

Kiswahili nacho kina mpinduo wake wa mahali, na inafaa tuulinganishe:

(8) a. Mzee amesimama mlangoni.
    b. Mlangoni pamesimama mzee.
    c. *Mlangoni pamesimama yeye.
    d. Mlangoni amesimama yeye.

Katika (8b) upatanisho wa kitenzi umehama kutoka kwa mzee na kwenda kwa mahali, kwa kiambishi pa-, na mzee ameachwa mwishoni kama habari mpya. Bresnan na Kanerva (1989) wameueleza muundo wa namna hii kwa kina katika Kichewa, lugha nyingine ya Kibantu, na kuonyesha kuwa nomino inayobaki nyuma ya kitenzi ndiyo inayoletwa mbele ya macho ya msikilizaji. Kiwakilishi hakifai kuingia katika nafasi hiyo, na ndiyo maana (8c) haikubaliki. Sentensi (8d) inakubalika, lakini upatanisho wake umerudi kwenye nafsi, na maana yake imekuwa ya ulinganishi: aliyesimama ni yeye, si mwingine. Lugha hizi mbili hazina undugu, na njia wanazozitumia wasemaji wake ni tofauti kabisa. Hata hivyo zinakubaliana kwamba mpinduo wa mahali ni wa kumleta mgeni, si wa kumrudisha mwenyeji.

5.0 VIELEZI VYA UKANUSHI NA VYA KUWEKA MPAKA

Kundi la tatu lina tabia nyingine kabisa:

(9) a. Never have I seen such a flood.
       'Kamwe sijapata kuona mafuriko kama haya.'
    b. Seldom does she complain.
       'Ni nadra kwake kulalamika.'
    c. Hardly had they sat down when the rain began.
       'Hata hawajakaa vizuri, mvua ikaanza.'
    d. *Never I have seen such a flood.

Hapa mpangilio hubadilika hata kiima kikiwa kiwakilishi, na hubadilika vile vile kikiwa nomino: Never has the teacher seen such a flood. Je, hili halipingani na tulilolisema katika sehemu iliyotangulia? Halipingani, kwa kuwa mpinduo huu ni mdogo. Kilichotangulia kiima ni kitenzi kisaidizi pekee. Kitenzi kikuu bado kiko nyuma. Kiwakilishi I katika (9a) hakikuachwa mwishoni. Kimekaa katikati, kimefunikwa pande zote mbili, na mkazo unaendelea hadi kwenye flood. Kiwakilishi hakina sababu ya kuukataa mpinduo huu.

Sharti la mpinduo mdogo ni kwamba ukanushi au mpaka unaowekwa na kielezi uenee katika kishazi kizima. Kuwapo kwa neno la ukanushi ndani ya kirai hakutoshi:

(10) a. At no time did she complain.
        'Hakulalamika wakati wowote.'
     b. In no time she finished.
        'Kufumba na kufumbua, alimaliza.'

Virai vyote viwili vina neno no. Hata hivyo katika (10a) tukio halikutokea, na katika (10b) lilitokea, tena upesi. Kipimo chake ni rahisi. Sentensi ya kwanza tunaweza kuiendeleza kwa and neither did I, na ya pili kwa and so did I. Kwa Kiswahili, ya kwanza itafuatwa na 'wala mimi', na ya pili na 'nami pia'.

Hali ni hiyo hiyo kwa kielezi only kinapoandamana na kielezi cha wakati:

(11) a. Only yesterday did he tell me.
        'Ni jana tu ndipo aliponiambia.'
     b. Only yesterday he was laughing with us.
        'Jana tu alikuwa akicheka nasi.'

Sentensi (11a) inaweka mpaka: kabla ya jana hakuniambia. Sentensi (11b) haikanushi chochote. Inaonyesha tu jinsi wakati ulivyo karibu. Katika (11a) Kiswahili kimetumia ndipo na kiambishi rejeshi -po-, ambavyo havimo katika (11b). Kwa hiyo mwanafunzi anayehisi kuwa Kiswahili chake kinadai ndipo ana dalili njema kwamba Kiingereza, baada ya only, kitadai mpinduo.

Makosa ya wanafunzi katika kundi hili yana chanzo kinachoeleweka. Katika Kiswahili ukanushi hukaa ndani ya kitenzi, na kamwe au katu huja kuutia nguvu tu. Hatuwezi kusema *Kamwe nimeona kwa maana ya kukanusha. Katika Kiingereza kielezi never chenyewe ndicho kikanushi. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huona kwamba kitenzi bado hakijakanushwa, naye huandika *Never I have not seen. Amefanya makosa mawili, lakini yote mawili yana mantiki ndani ya lugha yake ya kwanza. Mwalimu anayeijua mantiki hiyo anaweza kuyaondoa. Asiyeijua ataishia kuyakata kwa wino.

Tuongeze kwamba mpinduo huu ni wa mtindo rasmi au wa hisia kali. Katika mazungumzo ya kawaida Mwingereza husema I have never seen such a flood. Mfasiri asiyezingatia hili hufanya hotuba na gumzo zisomeke sawa.

6.0 MKAZO JUU YA KIWAKILISHI: USHAHIDI WA SO NA NEITHER

Hadi hapa mtu anaweza kudhani kuwa viwakilishi, kwa kuwa tu ni viwakilishi, havikai mwishoni. Mazungumzo mawili yafuatayo yanaonyesha kwamba sivyo:

(12) A: I have dropped my pen.
        'Nimeangusha kalamu yangu.'
     B: So have I.
        'Hata mimi nimeangusha yangu.'

(13) A: You have dropped your pen.
        'Umeangusha kalamu yako.'
     B: So I have!
        'Loo, kweli nimeiangusha!'

Maneno ya B ni matatu yale yale. Mpangilio tu ndio unaotofautiana. Katika (12) habari ya kuangusha kalamu imekwisha kutajwa. Kipya ni mtu wa pili aliyefikwa na jambo hilo, naye ni I. Kiwakilishi kimetiwa mkazo, na kimekaa mwishoni. Katika (13) mtu anajulikana, kwa kuwa ndiye anayeambiwa. Kipya ni uthibitisho kwamba jambo ni kweli. Mkazo umeangukia have, na I imebaki kabla yake bila mkazo. Mwanafunzi anayejibu So have I katika hali ya (13) hajakosea sarufi, lakini amejibu jambo asiloulizwa.

Kielezi neither hufuata njia ya (12): Neither have I, 'Wala mimi'. Kwa kuwa daima humleta mtu au kitu kingine katika orodha ya waliokanushwa, *Neither I have haikubaliki.

Sasa tuzirudie tafsiri. Katika (12) Kiswahili kimehitaji kiwakilishi huru mimi. Katika (13) kiambishi ni- kimetosha. Katika (4) tulihitaji yeye, na mkazo wa Kiingereza ulikuwa juu ya he na she. Katika (5b) kiambishi a- kilitosha, na he haikukubali kuachwa mwishoni. Tunaweza basi kusema kwamba pale Kiswahili kinapotosheka na kiambishi cha nafsi, kiwakilishi cha Kiingereza hakina mkazo, na hakiwezi kuachwa peke yake mwishoni baada ya mpinduo. Pale Kiswahili kinapodai mimi, wewe au yeye, kiwakilishi cha Kiingereza kina mkazo, na huenda kikaruhusiwa mwishoni.

Tunasema huenda kwa makusudi. Mkazo ni sharti la lazima lakini si la kutosha. Maana ya (8d), 'Mlangoni amesimama yeye', haielezwi kwa kawaida kwa *At the door stands he. Kiingereza huitenga kwa muundo mwingine, It is he who is standing at the door, au kwa kupaza sauti tu juu ya he mahali pake pa kawaida. Kiswahili kina uhuru mkubwa zaidi katika jambo hili kwa sababu kiambishi cha nafsi hubaki ndani ya kitenzi kikilinda uhusiano wa kisarufi, hata kiwakilishi huru kiende wapi.

7.0 DOKEZO LA KIHISTORIA

Mgawanyo tuliouona haukuzuka jana. Katika Kiingereza cha Kale kitenzi kilielekea kushika nafasi ya pili katika kishazi kikuu, lakini viwakilishi vilikuwa na njia yao. Baada ya kielezi þa, 'hapo', baada ya kikanushi ne, na baada ya maneno ya kuulizia, kitenzi kilitangulia hata kiima cha kiwakilishi. Baada ya vijenzi vingine vilivyowekwa mwanzoni, kitenzi kwa kawaida kilitangulia kiima cha nomino lakini kilikifuata kiima cha kiwakilishi. Van Kemenade (1987) anaeleza kuwa viwakilishi hivyo vilikuwa vikiegemea maneno mengine mfano wa viambishi. Msomaji wa Kiswahili hatashindwa kuona jinsi hali hiyo inavyokaribiana na a- ya alikuja.

Utaratibu wa kitenzi kushika nafasi ya pili ulififia mwishoni mwa enzi ya Kiingereza cha Kati, katika karne ya 14 na ya 15. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kimeuhifadhi, na ndiyo maana Mjerumani husema Gestern kam er, 'Jana alikuja', huku kitenzi kikikitangulia kiwakilishi bila mkazo wowote. Kiingereza cha leo kimebakiza mpinduo katika maeneo machache tuliyoyataja: ukanushi, maswali, na mahali. Sentensi kama Then came he zinasikika leo kama lugha ya kale. Kitabu cha shule kinachoiga mpangilio wa kale bila kusema hivyo kinamfundisha mtoto lugha ambayo hatakutana na mtu wa kuizungumza naye.

8.0 MAPENDEKEZO KWA UFUNDISHAJI

Kutokana na uchunguzi huu, tunapendekeza kwamba mwanafunzi asipewe kanuni moja ya jumla, bali afundishwe kujiuliza maswali matatu kwa kufuatana.

(i) Je, kielezi kinakanusha au kinawekea mpaka kishazi kizima? Ikiwa ndivyo, kitumike kitenzi kisaidizi kabla ya kiima, kiwe nomino au kiwakilishi: Never have I, Seldom does she, Only then did they.

(ii) Ikiwa sivyo, je, kielezi ni cha mahali au mwelekeo, na kitenzi ni cha mwendo au cha kuwapo? Ikiwa ndivyo, atazame kiima. Nomino inayoleta habari huachwa mwishoni: Here comes the bus. Kiwakilishi hubaki kabla ya kitenzi: Here it comes.

(iii) Ikiwa kielezi ni so kinachorejelea jambo lililotajwa, je, ni mtu mwingine anayeongezwa, au ni jambo lenyewe linalothibitishwa? Kwa la kwanza, So do I. Kwa la pili, So I do.

Kielezi kisichoingia katika maswali haya, kwa kawaida, hakibadilishi mpangilio.

Maswali haya yanaweza kuulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili, na hilo ni pendekezo letu la pili. Tumeona kuwa ndipo, wala mimi, nami pia, kuna, yule pale, na tofauti kati ya kiambishi cha nafsi na kiwakilishi huru ni vipimo ambavyo mwanafunzi anavyo tayari kabla hajaingia darasani. Kumkataza asivitumie, kwa hofu kwamba lugha yake itaharibu Kiingereza chake, ni kumnyang'anya fimbo mtu anayevuka mto. Lugha ya kwanza huingilia lugha ya pili pale inapoachwa ifanye kazi gizani. Ikiwekwa wazi, hufundisha.

Tatu, mifano ya darasani itolewe ndani ya muktadha. Hakuna mwanafunzi anayeweza kuona tofauti kati ya Here comes the bus na Here it comes iwapo sentensi hizo zimeandikwa ubaoni zikiwa pweke. Waigize wawili kituoni, mmoja alitaje basi na mwingine asilitaje, na kanuni itajitokeza yenyewe kabla mwalimu hajaitamka.

9.0 HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba tabia ya vielezi kabla ya viima vya viwakilishi katika Kiingereza, ambayo huonekana kuwa rundo la mambo ya pekee, ina mantiki moja. Kielezi huamua kama kuna mpinduo na ni wa aina gani. Uzito wa taarifa huamua kama kiwakilishi kinaweza kuubeba mpinduo huo. Mpinduo mdogo hukipokea kiwakilishi kwa kuwa haukiachi mwishoni. Mpinduo mkuu hukikataa, kwa kuwa mwisho wa kishazi ni mahali pa habari, na kiwakilishi kisicho na mkazo si habari. Katika majibu mafupi ya so na neither kiwakilishi hukaa mwishoni pale tu kinapokuwa ndicho habari.

Yapo maeneo ambayo hatukuyagusa, hasa mpinduo baada ya maneno yaliyonukuliwa na mpinduo katika vishazi vya masharti. Hayo yanastahili uchunguzi wao wenyewe, na wanafunzi wa shahada za juu wanaotafuta mada wangeweza kuanzia hapo.

Ama yule mwanafunzi, sentensi yake ya Here they come ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Alikuwa ameisikia mahali, akaishika, na akaitumia panapofaa: wageni walikuwa wamekwisha kutajwa katika aya iliyotangulia, na jipya lilikuwa ni kufika kwao. Huo ndio ujuzi wa lugha ambao shule ipo kwa ajili ya kuukuza. Kanuni zetu zikiwa finyu kuliko ujuzi huo, kinachohitaji kusahihishwa ni kanuni.